Uzi: HMS Moonstone, trola ya kuvua samaki iliyoiteka nyambizi ya Italia karibu na Adeni, Juni 1940

#1 TeziNaOmo

Wakuu salaam. Nyuzi za manuwari kubwa zimejaa humu, na vyombo vidogo hutajwa kwa mstari mmoja halafu basi. Huu ni wa chombo kimoja kidogo, trola iliyoundwa Uingereza kuvua kwenye bahari za baridi huko kaskazini, ikaishia kupigana Ghuba ya Adeni, njia ileile ya vyombo vinavyotoka kwetu kwenda Bahari ya Shamu. Naomba tujadili ufundi wenyewe: ilibadilishwaje, ilibeba nini, na kwa nini ilishinda. Kauli ya "ilikuwa bahati tu" nimechoka kuisoma.

Chombo kiliundwa mwaka 1934 na Cook, Welton & Gemmell, Beverley, kikaitwa Lady Madeleine. Karakana ile iko kando ya mto Hull, na mto ni mwembamba mno kushusha meli kwa kutanguliza tezi, yaani sehemu ya nyuma. Kwa hiyo zilishushwa kiubavu, zinatua majini kwa kishindo na wimbi linapanda ng'ambo ya pili, kisha zinavutwa hadi mji wa Hull kufungiwa mashine. Mwaka 1939 Jeshi la Majini la Uingereza likainunua pamoja na trola nyingine kadhaa na kuzipa zote majina ya vito: Beryl, Coral, Jade, Jasper, Pearl, Ruby, Sapphire. Hii ikawa Moonstone.

Silaha: mzinga mmoja wa inchi 4 huko omo, yaani mbele, bunduki za rashasha aina ya Lewis, mabomu ya kilindini huko tezi, na asdiki, yaani chombo cha kusaka nyambizi kwa sauti. Mwendo kama noti 12 (maili za baharini kwa saa) injini ikiwa nzima na makaa yakiwa mazuri. Amri ilikuwa mikononi mwa Boatswain W. J. H. Moorman. Huyo hakuwa ofisa mwenye nyota begani. Ni daraja la kati, mtu aliyepanda kutoka ubaharia wa kawaida.

Upande wa pili kulikuwa na Galileo Galilei, nyambizi ya Italia iliyoshushwa majini Taranto mwaka uleule wa 1934. Urefu mita 70 na ushee, tani 985 ikiwa juu ya maji, mirija 8 ya torpido, mizinga 2 ya milimita 100, na mwendo wa noti 17 juu ya maji. Kwa karatasi, mchuano huu haukuwepo. Nyambizi ingeweza kuizidi trola kwa mizinga, na kama haitaki vita ingeiacha nyuma ikaenda zake.

Tarehe 19 Juni 1940 nyambizi hiyo ikashusha bendera mbele ya trola. Kabla ya kufika hapo, nataka wajuzi wa mitambo waanze na ubadilishaji.

#2 Rafadha

Mkuu TeziNaOmo, ahsante kwa uzi. Naanza na tumbo la chombo, maana humo ndimo watu wengi hukosea. Wanadhani kubadilisha trola ni kufunga mzinga mbele na kupaka rangi ya kijivu.

Trola ya uvuvi imepimwa uzito kwa kazi yake. Inatoka bandarini imejaa makaa na barafu. Kadiri makaa yanavyoungua ngama, tumbo la kubebea mzigo, linajaa samaki, na uzito unabaki chini. Ukiifanya ya kivita, samaki hakuna na barafu hakuna. Ngama unaligeuza malazi ya mabaharia na ghala la risasi, ambavyo ni vyepesi kuliko samaki, halafu juu unaongeza mzinga, jukwaa lake, mabomu sitahani na vyuma vya kukinga daraja la nahodha. Uzito wote umepanda. Chombo kitalala ubavu na kuchelewa kuinuka, na siku makaa yakiwa machache hali ni mbaya zaidi.

Dawa yake ni farumi. Unateremsha vipande vya chuma au mawe chini kabisa karibu na mkuku, uti wa chini wa chombo, na kuvifunga visitembee. Ikipungua, chombo kinayumba kilevi. Ikizidi nayo ni kosa: chombo kinarudi wima kwa kurushwa, mara moja na kwa nguvu, mpiga mzinga hawezi kulenga na watu wanavunjika mbavu. Mzani huo hupatikana kwa kupima, kujaribu baharini, na kupima tena.

La pili ni jukwaa la mzinga. Sitaha ya omo ya trola haikuundwa kubeba teke la mzinga wa inchi 4. Chini yake huwekwa nguzo za chuma zinazoshuka hadi kwenye mataruma, mbavu za chombo, ili nguvu isambae. Usipofanya hivyo, baada ya milio michache misumari ya bapa inalegea na maji yanaingia vyumba vya mbele.

Injini ilibaki ileile: mvuke wa silinda tatu na boila la makaa. Ni injini nzito isiyo na haraka, na rafadha yake kubwa, yaani panga la kusukumia chombo, inazunguka polepole. Kwenye uvuvi hiyo ndiyo nguvu ya kukokota wavu. Kwenye kusaka nyambizi ikawa neema ambayo hakuna aliyeipanga: rafadha ya polepole haichemshi maji, kwa hiyo masikio ya asdiki yanasikia vizuri. Manuwari ya kasi ikifungua mwendo inajizibia masikio yenyewe.

#3 Mwanagenzi

Swali. Asdiki inafanyaje kazi hasa? Na kwa nini wasichukue manuwari za kweli badala ya kuhangaika na vyombo vya samaki?

#4 Kilindi

Manuwari za kweli hazikutosha, jibu ni hilo tu. Uingereza ilikuwa na mamia ya trola na wavuvi wanaojua bahari mbaya. Ikaunda tawi zima la doria lenye makao Lowestoft, kwenye bustani iitwayo Sparrow's Nest. Mnara wa kumbukumbu pale Lowestoft una majina 2,385 ya watu wa tawi hilo wasiokuwa na kaburi ila bahari.

Asdiki sasa. Chini ya chombo kuna kuba la chuma, na ndani yake sahani ya kwatsi iliyobanwa kati ya vyuma. Ukiipitishia umeme inatetemeka na kutoa mlio mkali mfupi, kisha inasikiliza. Sauti majini huenda kama mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 2, kitu kiko mita 1,500 mbele yako, kwa sababu sauti imeenda na kurudi. Msikilizaji anazungusha sahani nyuzi chache chache, mlio baada ya mlio. Akisikia mwangwi anautafuta ukingo wa kushoto na wa kulia, na katikati yake ndiko kulenga. Mwangwi ukija kwa sauti nyembamba kuliko mlio uliotumwa, kitu kinakuja kwako. Ukiwa mnene, kinakukimbia.

Udhaifu ni mitatu. Kwanza, asdiki ya 1940 haikukuambia kina, inakupa upande na umbali tu. Pili, mwale wake unatazama mbele, kwa hiyo ukikaribia sana nyambizi inapita chini ya mwale na unaipoteza. Kama iko kina cha wastani, unaipoteza ukiwa bado na karibu mita 180 kuifikia. Tatu ni maji yenyewe. Ghuba ya Adeni mwezi Juni maji ya juu yana joto na ya chini yana baridi, na mpakani sauti inapinda kuelekea chini. Nyambizi iliyo chini ya mpaka huo inaweza kukaa karibu nawe isisikike. Vilevile mwangwi wa kundi la samaki, wa nyangumi na wa maji yaliyovurugwa hudanganya mtu asiyezoea.

#5 TeziNaOmo

Kilindi umetugusia pale penyewe, zile mita 180. Hebu tuzihesabu, maana ndizo zinazoonyesha ugumu wa kazi.

Noti 12 ni kama mita 6 kwa sekunde. Tangu unapopoteza mwangwi hadi unapokuwa juu ya nyambizi ni sekunde 30. Unadondosha bomu. Bomu la Mark VII ni pipa la chuma lenye uzito wa kilo 190, na kilo 130 kati ya hizo ni baruti. Linazama polepole, mita 2 hadi 3 kwa sekunde. Ukilipangia futi 100, yaani mita 30, ongeza sekunde 10 hadi 15. Jumla ni sekunde 40 na zaidi ambazo humwoni adui. Yeye akienda noti 4 tu ameshasogea zaidi ya mita 80, upande asioutangaza. Na bomu hilo ili lipasue gamba la nyambizi lilihitaji kulipuka ndani ya mita 6 hadi 10. Ukikosa kwa mita 80, umemtikisa, hujamzamisha.

Ndiyo sababu hawakudondosha moja. Walitupa mafungu: mengine yanaviringika kwenye reli za tezi, mengine yanarushwa kulia na kushoto na vyombo vya kurushia, mita 35 hadi 40 kutoka ubavuni. Trola ndogo ilibeba machache, kwa hiyo kila fungu ni hesabu ya akiba.

Kupanga kina ni kwa ufunguo. Kichwani mwa pipa kuna kifyatuo kinachoendeshwa na shinikizo la maji: maji yanaingia kwenye tundu, yanasukuma pistoni dhidi ya springi, pistoni ikifika mahali pake nyundo inaanguka. Unageuza kwenye alama ya futi 50, 100, 150 na kuendelea hadi 500. Tundu kubwa maji yanaingia upesi, linalipuka juu. Tundu dogo linalipuka chini.

#6 Rafadha

Hapo kwenye futi 50 niongeze onyo, maana kwa trola ni suala la kufa na kupona. Futi 50 ni mita 15. Bomu linafika baada ya sekunde 5 hadi 7. Kwa noti 12 umeondoka mita 30 hadi 45 tu, kwa noti 9 ni pungufu ya hapo. Kilo 130 za baruti zikilipuka umbali huo nyuma ya tezi, wewe mwenyewe ndiwe unayeumia. Mirija ya boila inavuja, kiti cha injini kinapata ufa, taa zinakufa, asdiki inapoteza uwiano wake, na usukani unaweza kukwama. Manuwari inayokwenda noti 25 haina shida hii. Trola ilibidi ipange kina kikubwa zaidi hata pale nyambizi ilipodhaniwa iko juu, au ikubali kujiumiza. Mtu akikuuliza kwa nini trola nyingi zilitikisa nyambizi lakini hazikuzizamisha papo hapo, mpe hesabu hiyo.

#7 BintiMvita

Ndugu zangu, mumeeleza vyema, lakini naona tunakaribia kusema kuwa mabomu ndiyo yaliyoileta Galilei juu. Mimi nasema sehemu kubwa ya ushindi ule ilikuwa ndani ya nyambizi yenyewe, kwenye mabomba ya kupozea hewa.

Nyambizi za Italia zilizokuwa Massawa, bandari ya Eritrea iliyokuwa chini ya Italia, zilipewa mtambo wa kupoza hewa, maana ndani ya chuma kilichozama kwenye maji ya nyuzi 30 mwanadamu haishi. Kipozi kilichotumika ni kloridi ya methili. Hii ni gesi isiyo na rangi, harufu yake ni hafifu, tamutamu kidogo, mtu aliyezoea harufu ya dizeli na jasho haitambui. Ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na robo tatu, kwa hivyo inatuwama chini, kwenye vitanda vya chini na vyumba vya mitambo. Sumu yake huanza kama uchovu: kichwa kuuma, usingizi, mtu anazungumza ovyo kama mlevi. Ikizidi anaona yasiyokuwepo, anapiga kelele, kisha anazimia.

Kwa nini ivuje? Fikiria mtambo unavyofanya kazi. Gesi inashindiliwa, halafu inapozwa na maji ya bahari iwe majimaji. Maji ya bahari yakiwa na joto, shinikizo ndani ya mabomba linapanda, ndiyo tabia ya kila friji. Huko Bahari ya Shamu wakati wa joto, viungo vya mabomba vilibeba shinikizo kubwa saa zote, na nyambizi ikiwa imezama hewa ni ileile inayozunguka. Tone moja linalovuja halina pa kutokea.

Ushahidi wangu ni Macallè. Nyambizi hiyo ya flotila ileile ilipanda mwamba upande wa Sudan tarehe 15 Juni 1940, siku nne kabla ya Galilei kutekwa, mabaharia wake wakiwa wameleweshwa na gesi hiyohiyo. Haikuwa imepigwa hata bomu moja. Archimede na Perla nazo zilipatwa. Basi kasoro ilikuwa ya mtambo tangu mwanzo. Mabomu ya Moonstone yaliongeza tu kutikisa viungo ambavyo tayari vilikuwa vikitoa sumu.

#8 TeziNaOmo

Dada BintiMvita, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Ila tuweke mfululizo wa siku zile mezani, ndipo uzito wa kila sababu uonekane.

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni. Tarehe 16 Galilei ikaizamisha meli ya mafuta ya Norwei, James Stove, kama maili 12 kutoka Adeni. Tarehe 18 ikaisimamisha meli ya Yugoslavia, Drava, kwa kufyatua mzinga, ikakuta ni ya nchi isiyo vitani, ikaiacha iende. Hapo ndipo ilipojichongea. Ndege zikaja kuishambulia, ikazama. Usiku manuwari zikaisaka, ikakwepa. Yaani kufikia asubuhi ya tarehe 19 watu wa mle ndani walikuwa wamekaa chini saa nyingi, hewa imechakaa, betri zimeliwa, na gesi ya BintiMvita inafanya kazi yake.

Moonstone ikaipata kwa asdiki, ikapita juu na kudondosha mabomu. Hayakupasua gamba. Muda mfupi baadaye nyambizi ikaibuka nyuma ya trola.

Swali la ufundi ni hili: kwa nini kamanda wake, Corrado Nardi, aliibuka na kupigana badala ya kuendelea kukaa chini? Gesi inajibu nusu. Nusu ya pili ni kwamba juu palikuwa na trola moja. Ana mizinga 2 ya milimita 100, mwenzake ana mmoja. Kwa hesabu ya kawaida huo ulikuwa uamuzi wa mtu mwenye akili timamu.

#9 Kilindi

Na hesabu ile iliharibiwa na rashasha.

Mzinga wa nyambizi uko wazi sitahani. Hauna ngao ya maana na hauna chumba. Ili ufyatue, watu watoke kwenye mlango mdogo wa mnara, washuke, wakimbie kwenye sitaha yenye maji, wafungue kizibo cha mdomo wa mzinga, wapokee makombora kwa mikono kutoka chini, ndipo walenge. Dakika hizo za mwanzo ndizo hatari. Moonstone iligeuka na kwenda moja kwa moja kuelekea nyambizi huku bunduki za Lewis zikimwaga risasi kwenye mnara na sitaha. Sahani moja ya Lewis ina risasi 47 au 97, na bunduki inatema kama 500 hadi 600 kwa dakika. Hata sahani kubwa inaisha kwa sekunde kumi hivi. Kwa hiyo mpigaji anapiga milipuko mifupi, na msaidizi yuko na sahani nyingine mkononi. Kazi yenyewe ni kuwazuia watu wasisimame penye mzinga, haihitaji kuua kila mtu.

Kukaribia nako kulikuwa na maana yake. Ukiwa mbali, mzinga wako mmoja juu ya trola inayoyumba unakosa mara nyingi. Ukiwa karibu, mwinuko wa kombora karibu haupo, unalenga kwa macho. Kombora la inchi 4 lina kilo 14 hivi. Yalipopiga mnara wa Galilei yalimuua Nardi na maofisa waliokuwa naye. Mnara wa nyambizi ni bongo lake: kamanda yuko pale, amri zinatoka pale. Ukishapigwa hapo, hata kama injini, torpido na gamba vyote ni vizima, chombo kimekwisha. Ikashusha bendera. Waliokufa upande wa Italia ni 16.

#10 Mwanagenzi

Mbona haikutumia torpido? Mirija 8!

#11 Kilindi

Kwa sababu mlengwa alikuwa mdogo, mwepesi wa kugeuka, na mwenye kimo kifupi majini. Torpido ya wakati ule hupangiwa kina cha kwenda. Ukiipangia mita 4 inapita chini ya trola. Ukiipangia juu sana, kwenye mawimbi inaruka na kupotea njia. Isitoshe torpido huhitaji umbali fulani wa kukimbia kabla kifyatuo chake hakijawa tayari kulipuka. Moonstone ilikuwa inakuja uso kwa uso, upana wa omo yake ni mita chache tu. Hakuna cha kulenga hapo.

#12 BintiMvita

Mimi nataka kuongeza kilichofuata, maana faida kubwa haikuwa chuma cha nyambizi, ilikuwa makaratasi yake.

Mabaharia wa nyambizi walikuwa wengi kuliko wa trola, kwa hivyo Moonstone ilibaki imewaelekezea mzinga hadi manuwari HMS Kandahar ilipofika. Galilei ikapelekwa Adeni. Waitalia hawakuwahi kuharibu kila kitu. Maofisa wamekufa, walio chini wameleweshwa na gesi, na anayepaswa kutupa vitabu vya amri baharini ndani ya mfuko wenye uzito ni nani? Nyaraka zikapatikana zikionyesha wenzao wamepangwa wapi.

Tarehe 23 Juni nyambizi yao Torricelli ikazamishwa karibu na kisiwa cha Perim, baada ya kupigana na manuwari kadhaa kwa ushujaa uliosifiwa hata na maadui zake. Nyingine, Galvani, ilikuwa imetumwa Ghuba ya Omani, na tarehe 24 manuwari HMS Falmouth ikaikuta na kuimaliza. Katika nyambizi 8 za Massawa, 4 zilikuwa zimepotea kabla Juni haijaisha. Mabaharia wetu wa majahazi ya Maskati na Sur waliokuwa wakipita Ghuba ya Omani msimu ule wangekuwa kwenye maji yaleyale.

Moorman alipandishwa akawa Luteni na kupewa nishani ya ushujaa ya DSC. Alistahiki.

#13 Rafadha

Kuna jambo limeachwa. Kuteka nyambizi ilikuwa siku moja. Kazi ya kila siku ya trola nyingi za vita ilikuwa kufagia mabomu ya kutegwa baharini, na hapo ndipo ufundi wa mvuvi ulipohamishwa karibu mzima mzima.

Angalia vifaa. Mvuvi wa trola ana winchi yenye ngoma mbili za waya, ana mbao nzito zilizotiwa chuma ambazo maji huzisukuma nje ili wavu ufunguke mdomo, na anajua kusoma mkazo wa waya kwa kuugusa. Fagio la Oropesa ni hayo hayo. Jina lenyewe lilitokana na trola iliyojaribia mtindo huo. Wavu umetolewa. Waya mmoja mrefu, uliosokotwa kwa makusudi uwe na meno ya kukata, unapita tezi. Karibu na chombo kuna tiara ya chuma inayouzamisha waya kwenye kina unachotaka. Mwisho wa waya kuna ubao wa kutanua unaouvuta nje ubavuni, na juu yake boya lenye umbo la samaki na bendera, ili uone fagio lako limefika wapi. Waya ukikutana na mnyororo unaoshikilia bomu, mnyororo unateleza kwenye waya hadi kwenye makasi na kukatwa. Bomu linaibuka. Linapigwa kwa bunduki kutoka mbali hadi litoboke na kuzama, au lilipuke.

Yanayoharibika: boya likikatika, ubao unazama na waya unagusa chini, unanasa mwamba au mabaki ya meli. Usipolegeza winchi mara moja, waya unakatika na kurudi sitahani kama mjeledi, unakata mguu wa mtu. Kosa lingine ni kugeuka upesi na fagio likiwa nje, waya unaingia kwenye rafadha. Na likinasa bomu bila kukatika mnyororo, ukivuta unalileta chini ya tezi yako mwenyewe. Ndiyo maana kabla ya kuvuta kitu kizito unatazama kwanza majini.

Kwa bomu la sumaku fagio hili ni bure, kwa sababu bomu hilo limekaa sakafuni, halina mnyororo. Kwa hilo walizungushia chombo nyaya za umeme ili kufuta sumaku ya chuma chake, na kutoka 1940 trola mbili zikawa zinakwenda sambamba zikivuta nyaya zinazoelea na kupitisha umeme mkubwa kwa vipindi ili kulipua bomu nyuma yao. Hapo mvuvi alijifunza upya.

#14 MkukuWaPwani

Wakuu, kwa anayeona Moonstone ni ajali ya pekee, soma habari ya Lady Shirley, trola ya Hull. Tarehe 4 Oktoba 1941, kusini-magharibi mwa Tenerife, chini ya Arthur Callaway wa akiba ya Australia, iliipata U-111 ya Ujerumani kwa asdiki, ikaitupia mabomu, nyambizi ikaibuka, wakapigana kwa mizinga na rashasha kama dakika 20 hadi nyambizi ikazama. Waliokolewa Wajerumani 44, wengi kuliko mabaharia wa trola, wakalindwa hadi Gibraltar. Utaratibu ni uleule wa Moonstone: tikisa, ilete juu, wazuie wasifikie mzinga, piga mnara.

Na upande wa pili wa sarafu ni chombo hichohicho. Tarehe 11 Desemba 1941, Lady Shirley ilizamishwa na U-374 Mlango wa Gibraltar, hakupona hata mmoja. Trola ina ngama kubwa moja lisilo na kuta nyingi za kuzuia maji. Ikipigwa torpido haina nafasi ya pili. Mabaharia waliolala kwenye lile ngama la samaki walilijua hilo.

Kwa pwani yetu, vyombo vya aina hii vilitangulia vita ile. Mwaka 1915 kwenye delta ya Rufiji, meli ndogo za kuwindia nyangumi zilizotiwa mizinga, Echo, Fly, Pickle na Childers, zilitumika pamoja na manuwari za Kiingereza Severn na Mersey dhidi ya manuwari ya Kijerumani Königsberg. Chombo cha mvuke chenye tumbo jembamba, kinachogeuka upesi na kisichohitaji maji mengi, kwenye midomo ya Rufiji kilifaa kuliko manuwari kubwa iliyobaki nje kwenye kina.

#15 Mwanagenzi

Swali la mwisho kwa Rafadha. Trola ya baridi iliishije Adeni?

#16 Rafadha

Kwa shida. Ngama la samaki halina madirisha, limeundwa kuzuia joto la nje lisiyeyushe barafu. Ukiwaweka watu na taa mle, joto lao halitoki. Vilitandazwa vitambaa vya kivuli juu ya sitaha, na mwenye nafasi alilala nje. Chumba cha boila ndicho kibaya zaidi: mchomaji makaa anafanya kazi mbele ya moto huku hewa inayoingia kupitia matundu ya juu nayo ni ya moto, hasa upepo unapotoka nyuma kwa kasi sawa na ya chombo. Anahitaji maji na chumvi kila zamu, la sivyo misuli inamkaza anaanguka.

Boila nalo linataka maji safi, na Adeni maji ya kunywa yenyewe ni ya shida. Mrija wa kondensa, chombo cha kugeuza mvuke kuwa maji tena, ukitoboka kidogo, maji ya bahari yanaingia kwenye ya boila, chumvi inaganda kwenye mirija, chuma kinapata joto kupita kiasi na kuvimba. Dalili ya kwanza ni povu kwenye kioo cha kupimia maji. Fundi anayejali anaonja au kupima maji ya kondensa kila zamu, hangoji povu.

#17 TeziNaOmo

Nikamilishe habari za vyombo vyenyewe, kwa kuwa vimeulizwa inbox.

Galilei ilipewa jina X2, baadaye namba P711, ikatumika zaidi kufundishia, hasa watu wa asdiki waliohitaji nyambizi halisi ya kuisaka. Ikavunjwa chuma chakavu 1946. Moonstone ilimaliza vita ikiwa nzima, ikauzwa 1946.

Nyambizi 4 zilizobaki Massawa, yaani Archimede, Ferraris, Guglielmotti na Perla, ziliondoka Machi 1941 kabla mji haujaanguka tarehe 8 Aprili. Hazikuweza kupita Suezi, kwa hiyo zikashuka Bahari ya Hindi na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Bordeaux, zikafika Mei. Perla ilikuwa ndogo mno kwa safari hiyo, matangi yake hayakutosha, ikapewa mafuta na meli ya Kijerumani Atlantis kusini-mashariki mwa Madagaska. Tatu nyingine zilijaza kwa Nordmark, meli ya ugavi ya Kijerumani, Atlantiki ya kusini.